Dawa za Kifafa kwa Mgonjwa Asiye na Kifafa: Jinsi Zinavyotuliza Mania

Mgonjwa wa bipola anapotoka kliniki ya afya ya akili, huenda akabeba pakiti ya tembe ambazo jamaa zake wamewahi kuziona kwingine, kwa jirani anayeanguka kifafa. Yeye mwenyewe hajawahi kuanguka. Nyumbani, anayejua kusoma vizuri anaifungua karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti, anakuta imeandikwa kwamba hii ni dawa ya kifafa, na mjadala unaanza. Mmoja anasema daktari amekosea. Mwingine anasema hospitali imewaficha ugonjwa wenyewe. Mara nyingine uamuzi unakatwa usiku huo huo: tembe ziwekwe kando kwanza, mpaka ukweli ujulikane.

Uamuzi huo ndio wenye hatari, kwa sababu daktari hakukosea. Valproeti na kabamazepini ni dawa za kifafa ambazo pia hutuliza mania. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeziweka katika orodha yake ya dawa muhimu mara mbili: kwa kifafa, na tena kwa bipola. Hata hivyo si kila dawa ya kifafa inaweza kazi hiyo, wala si kila mgonjwa anafaa kupewa. Na moja kati ya hizo mbili haifai kupewa msichana au mwanamke ambaye bado anaweza kushika mimba. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, nalo linagusa watoto ambao hawajazaliwa.

Mania si furaha ya kawaida

Bipola ni ugonjwa wa hisia wenye pande mbili. Upande mmoja mtu huzama katika huzuni nzito, hana nguvu, hataki chakula wala watu, na anaweza kufikiria kujiua. Upande wa pili ni mania. Kati ya vipindi hivyo anaweza kukaa miezi au hata miaka akiwa mzima kabisa, akifanya kazi na kulea familia kama mtu mwingine yeyote. Kwa hesabu za WHO, watu wapatao milioni 40 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu mwaka 2019.

Mania huanza kwa namna ambayo familia inaweza hata kuifurahia. Mtu aliyekuwa mnyonge anaamka alfajiri, analima, anapiga simu, ana mipango. Halafu usingizi unapungua hadi saa mbili au tatu kwa usiku, na cha ajabu hachoki. Maneno yanatoka kwa kasi, wazo moja halijaisha anarukia jingine. Anachukua mikopo ya simu kwenye programu tatu kwa siku moja, anawatumia pesa watu asiowajua vizuri, anataka kuuza ng'ombe au kipande cha shamba ili aanzishe kampuni. Akizuiwa anakasirika, na hasira hiyo inaweza kufikia kupigana. Wengine huamini wamepewa uwezo wa pekee au kazi kubwa ya kuokoa taifa. Kutaka kiti cha uongozi peke yake si ugonjwa, la sivyo kila msimu wa kampeni wadi zingefungwa kwa kujaa. Kinachompa daktari ishara ni mkusanyiko wa dalili hizi kwa pamoja, zikidumu wiki moja au zaidi, kwa mtu ambaye jamaa zake wanasema, "Huyu si yule tunayemjua."

Hapa ndipo tofauti na kifafa inapoonekana. Degedege la kifafa kwa kawaida hudumu sekunde kadhaa au dakika chache, kisha mtu hurudiwa na fahamu polepole. Mania hudumu siku, wiki, hata miezi, na mtu yuko macho wakati wote. Ni magonjwa mawili. Kutumia dawa moja hakuyafanyi kuwa ugonjwa mmoja, kama vile aspirini inayotuliza maumivu ya kichwa haimfanyi anayeinywa kwa ajili ya moyo kuwa mgonjwa wa kichwa.

Dawa hizi ziliingiaje katika matibabu ya akili

Asidi ya valproiki ilitengenezwa mwaka 1882 na mkemia Mmarekani, Beverly Burton. Kwa miaka 80 hivi hakuna aliyeifikiria kuwa dawa. Ilikaa maabara kama kiyeyushi tu, kioevu cha kuyeyushia kemikali nyingine ambazo hazikubali maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mjini Grenoble huko Ufaransa, mtafiti kijana aliyeitwa Pierre Eymard alikuwa na kemikali mpya alizotaka zijaribiwe, akaziyeyusha ndani ya asidi hiyo. Zilipojaribiwa kwa wanyama wa maabara, zote zilionekana kuzuia degedege, hata zile ambazo hazikuwa na sababu yoyote ya kufanya hivyo. Ndipo ilipotambuliwa kwamba aliyekuwa akifanya kazi si kemikali hata moja kati ya hizo. Ni kiyeyushi.

Haikuchukua muda mrefu kabla ya madaktari wa akili kuijaribu. Mwaka 1966 Mfaransa Lambert na wenzake waliripoti kwamba valpromidi, dawa ambayo ikiingia mwilini hugeuka kuwa asidi hiyo hiyo, iliwasaidia wagonjwa wa mania. Ilibidi kusubiri hadi 1995 ndipo Marekani ilipoidhinisha rasmi aina ya valproeti kwa matibabu ya mania.

Kabamazepini ina njia yake. Ilitengenezwa mwaka 1953 na mkemia Walter Schindler katika kampuni ya Geigy mjini Basel, Uswisi, na ikaanza kutumika kwa kifafa na kwa maumivu makali ya neva ya uso. Madaktari waliokuwa wakiwatibu wagonjwa wa kifafa waliona jambo la pembeni: baadhi ya wagonjwa hao walitulia pia katika hisia zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Japani, akiwemo Teruo Okuma, waliijaribu kwa wagonjwa wa mania wasio na kifafa na kuona matokeo mazuri. Mwaka 1980 James Ballenger na Robert Post nchini Marekani walichapisha matokeo yao wenyewe, na tangu hapo dawa hiyo ikapata nafasi katika vitabu vya matibabu ya akili.

Post alikuwa na nadharia iliyovutia wengi. Ukiugusa ubongo wa mnyama kwa umeme mdogo sana kila siku, mwanzoni hakuna kinachotokea, lakini baada ya siku nyingi mguso ule ule mdogo unaleta degedege. Ni kama kuni mbichi zinazokaushwa kidogo kidogo karibu na jiko hadi cheche moja inatosha. Je, huenda vipindi vya mania navyo hukausha kuni, kila kimoja kikirahisisha kinachofuata? Nadharia hiyo haijathibitishwa kikamilifu, lakini ndiyo iliyowapa madaktari sababu ya kuamini kwamba dawa inayozuia degedege inaweza pia kuzuia mania isirudi.

Kuhusu kinachotokea ndani ya ubongo, sehemu fulani inajulikana. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme, na umeme huo huzalishwa sodiamu inapoingia kwenye seli kupitia vijilango vidogo. Kabamazepini huzuia vijilango hivyo visifunguke mfululizo, kwa hiyo seli inayopiga kelele bila kupumua inapunguza kasi. Valproeti hufanya hivyo pia kwa kiasi, na zaidi ya hapo huongeza nguvu ya GABA, kemikali ya ubongo ambayo kazi yake ni kutuliza. Hayo yanaeleza vizuri kwa nini degedege hukoma. Kwa mania maelezo bado hayatoshi, maana kuna dawa nyingine za kifafa zinazogusa vijilango hivyo hivyo na hazitibu mania hata kidogo.

Si kila tembe ya kifafa

Jambo hili lina uzito wa kipekee vijijini, ambako tembe za mgonjwa mmoja huweza kuazimwa na mwingine. Fenobabitali, dawa ya kifafa ya bei nafuu inayojulikana na watu wengi, haitibu mania. Humlaza mtu tu, na anayeizoea kisha akaiacha ghafla anaweza kupata degedege hata kama hakuwa na kifafa. Fenitoini nayo si tiba ya kawaida ya mania. Gabapentini na topiramati zilijaribiwa kwa makini na hazikuonyesha faida dhidi ya mania.

Lamotrijini ina mahali pake pa pekee. Haizimi mania iliyokwisha kuwaka. Faida yake ni kuzuia vipindi vya bipola visirudi, hasa ule upande wa huzuni nzito, na Marekani iliiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 2003. Ni dawa inayodai subira, kwa kuwa ikipandishwa haraka inaweza kuleta upele hatari unaobabua ngozi. Kwa kawaida mtu mzima huanza na miligramu 25 kwa siku kwa wiki mbili. Ikiwa tayari anakunywa valproeti huanza na nusu ya hapo, yaani tembe moja kila baada ya siku moja, kwa sababu valproeti huizuia lamotrijini isitoke mwilini upesi.

Basi daktari huchaguaje? Mgonjwa anapoletwa akiwa amewaka, hajalala siku tano na anataka kupigana, mara nyingi dawa ya kwanza si ya kifafa. Ni dawa ya kutuliza akili kama haloperidoli, risperidoni au olanzapini, ambazo huutuliza msisimko haraka zaidi. Dawa ya kifafa huweza kuongezwa kando yake, au kutumiwa peke yake pale ambapo mania si kali sana. Valproeti ikipewa kwa kipimo cha kutosha huanza kuonyesha kazi yake ndani ya siku chache. Kabamazepini huchelewa kidogo, wiki moja hadi mbili, kwa kuwa kipimo chake lazima kipandishwe polepole. Watu wazima wengi wa bipola hufikia miligramu 1,000 hadi 2,000 za valproeti kwa siku, au 800 hadi 1,200 za kabamazepini, zikigawanywa asubuhi na jioni. Namba hizi zimetajwa ili familia ijue mwelekeo. Kipimo cha mtu mmoja hakifai kunakiliwa kwa mwingine.

Halafu kuna lithiamu, ambayo si dawa ya kifafa bali aina ya chumvi, na ambayo Mwaustralia John Cade aliitambulisha kwa mania mwaka 1949. Kwa kuzuia ugonjwa usirudi kwa miaka mingi, bado hakuna iliyoishinda. Utafiti uliojulikana kama BALANCE, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia wagonjwa 330 na kuonyesha kwamba lithiamu huzuia vipindi kurudi vizuri kuliko valproeti peke yake. Shida ya lithiamu ni kwamba pengo kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni dogo. Anayeitumia lazima apimwe damu mara kwa mara, figo zake ziangaliwe, na asikaukiwe maji mwilini kwa jua kali au kuhara. WHO yenyewe inashauri isitumiwe pale ambapo vipimo vya maabara havipatikani. Kwa mgonjwa anayeishi mbali na maabara yenye uwezo huo, dawa ya kifafa inakuwa njia inayowezekana, ijapokuwa si kila mara iliyo bora zaidi.

Wasichana na wanawake

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa kuwa ndipo penye madhara yasiyorekebishika.

Mtoto aliye tumboni huvipata viungo vyake vikuu katika wiki za mwanzo kabisa, mara nyingi kabla mama hajatambua kuwa ni mjamzito. Uti wa mgongo hujifunga ndani ya mwezi wa kwanza wa mimba. Valproeti ikiwemo kwenye damu ya mama wakati huo inaweza kuuzuia usijifunge, au kuharibu moyo, mdomo, viungo vya mwili na njia ya mkojo. Kati ya watoto 100 waliozaliwa na mama waliotumia valproeti wakiwa wajawazito, 10 hivi huzaliwa na kasoro kubwa za mwili. Kwa watoto wengine ni 2 au 3 kati ya 100. Zaidi ya hapo, kati ya watoto 100 waliokutana na dawa hiyo tumboni, 30 hadi 40 huchelewa kukua kiakili: kuchelewa kutembea na kuzungumza, ugumu wa kujifunza, na kwa baadhi yao usonji. Kasoro hizi za akili hazionekani siku ya kuzaliwa. Huonekana mtoto anapofikisha umri wa chekechea, wakati hakuna tena anayeikumbuka dawa aliyokunywa mama.

Ndiyo maana mwaka 2023 WHO ilitoa mwongozo ulio wazi: valproeti isianzishwe kwa wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa kwa ajili ya bipola, kwa sababu ya hatari kwa mtoto. Kumeza vidonge vya foliki hakuondoi hatari hiyo. Kabamazepini nayo si salama kabisa kwa mimba, ingawa hatari yake ni ndogo kuliko ya valproeti. Lamotrijini ndiyo iliyo na rekodi nzuri zaidi kati ya hizi tatu, na dawa kadhaa za kutuliza akili pia huweza kutumika.

Msichana wa miaka 16 aliyepata mania ya kwanza anastahili mazungumzo haya kama anavyoyastahili mama wa miaka 35. Wazazi wengine huona aibu mhudumu anapomuuliza binti yao kuhusu hedhi na mimba. Swali hilo si la kumchunguza tabia. Matibabu ya bipola huweza kuendelea miaka mingi, na dawa iliyochaguliwa leo ndiyo atakayekuwa nayo siku atakapoolewa.

Mwanamke ambaye tayari anatumia valproeti, au anayegundua ana mimba akiwa anaitumia, asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Kuiacha ghafla kunaweza kuirudisha mania kwa nguvu, na mania kali katika ujauzito ina hatari zake kwa mama na kwa mtoto. Anachopaswa kufanya ni kwenda kliniki siku hiyo hiyo au kesho yake, aseme wazi kwamba anatumia valproeti na ana mimba, asisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Anaweza kwenda na pakiti yenyewe mkononi. Jina la biashara linaweza kuwa Epilim au jingine, lakini neno valproeti litakuwa limeandikwa chini yake.

Kwa wanaume pia kuna tahadhari mpya. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishauri wanaume wanaotumia valproeti waelezwe kwamba huenda kukawa na ongezeko dogo la matatizo ya ukuaji wa akili kwa watoto waliotungwa baba akiitumia katika miezi mitatu ya karibuni. Ushahidi wake si mzito kama ule wa mama, lakini mwanamume anayepanga kupata mtoto ana haki ya kuuliza.

Kabamazepini na dawa nyingine za nyumbani

Kabamazepini, ambayo wengine huijua kwa jina la Tegretol, ina tabia moja inayohitaji kueleweka. Huliamsha ini lifanye kazi ya kuondoa dawa mwilini kwa kasi kuliko kawaida. Huondoa hata yenyewe, ndiyo sababu kipimo kilichotosha mwezi wa kwanza huenda kisitoshe mwezi wa pili. Lakini tatizo kubwa ni dawa nyingine zinazooshwa pamoja nayo.

Vidonge vya kupanga uzazi na vipandikizi vya mkononi hupoteza nguvu. Mwanamke anaweza kupata mimba akiwa na kipandikizi ambacho muda wake haujaisha, akamlaumu muuguzi aliyekiweka, kumbe ni kabamazepini. Sindano ya miezi mitatu na koili haziathiriwi kwa namna hiyo, na mtoa huduma wa kupanga uzazi akiambiwa mapema atasaidia kubadilisha.

Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, jambo ni zito zaidi. Tembe moja ya kila siku ambayo wengi hutumia ina dolutegraviri ndani yake, na kabamazepini hushusha kiwango cha dolutegraviri kwenye damu. Ikiwa hakuna njia nyingine, daktari huongeza dolutegraviri iwe mara mbili kwa siku. Mara nyingi ni rahisi zaidi kuchagua dawa tofauti ya mania. Tatizo hutokea pale kliniki ya akili isipoambiwa kuhusu dawa za virusi, na kliniki ya virusi isipoambiwa kuhusu dawa za akili, kwa sababu mgonjwa anaona aibu mara mbili. Dawa ya malaria ya artemetha na lumefantrini, ile ya tembe za siku tatu, nayo hupungua nguvu. Mgonjwa wa kabamazepini anayetibiwa malaria lazima amtajie mhudumu, hata katika zahanati ndogo kabisa. Rifampisini ya kifua kikuu huenda kinyume: yenyewe ndiyo inayoziosha dawa za bipola, lamotrijini na valproeti zikiwemo.

Dalili ambazo hazingoji tarehe ya kliniki

Mengi yanayowasumbua watumiaji si ya hatari. Usingizi, kichefuchefu cha siku za mwanzo, mkono kutetemeka kidogo, nywele kupungua, na kwa valproeti uzito kuongezeka. Haya husemwa kliniki, na mara nyingi kubadilisha saa ya kunywa au kupunguza kipimo kunatosha. Mwendesha bodaboda au anayetumia mashine asirudi kazini katika siku za mwanzo kabla hajajua dawa inamfanyaje. Pombe huongeza usingizi na hulitwika ini mzigo juu ya mzigo.

Yafuatayo ni tofauti, na kituo cha afya kinapaswa kuyaona siku hiyo hiyo. Upele wowote mpya kwa anayetumia kabamazepini au lamotrijini, hasa ukija pamoja na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi kubabuka. Homa na koo kuuma kusikoisha kwa anayetumia kabamazepini, kwani chembe nyeupe za damu huenda zimeshuka. Kwa valproeti, macho kuwa ya manjano, kutapika kusikokoma, maumivu makali ya tumbo sehemu ya juu, au michubuko inayotokea bila kugongwa. Mzee anayetumia kabamazepini akianza kuchanganyikiwa, huenda sodiamu yake imepungua. Vipimo vya ini na vya damu hufanywa kabla ya kuanza na kurudiwa baadaye, na familia inaweza kuuliza lini.

Jambo jingine la kumtajia daktari ni dawa za huzuni. Mgonjwa wa bipola aliyepewa amitriptilini au fluoksetini peke yake, bila dawa ya kuzuia mania, anaweza kuruka kutoka huzuni moja kwa moja hadi mania. Familia ikiona usingizi umepungua ghafla na maneno yameongezeka wiki chache baada ya dawa mpya, itoe taarifa mapema.

Dawa ikiisha dirishani

Chini ya Katiba ya 2010 vituo vya afya vya kaunti na famasia zake ni jukumu la serikali za kaunti, na hapo ndipo wagonjwa wengi huchukulia tembe zao. Hakuna kituo kisichowahi kuishiwa. Mgonjwa wa bipola aliyepona vizuri kwa mwaka mzima anaweza kurudi wadini kwa sababu ya wiki tatu bila tembe, na anayeacha valproeti au kabamazepini ghafla hujiweka pia katika hatari ya kupata degedege.

Kwa hiyo tembe zihesabiwe zikibaki za siku kumi, si mbili. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba anaweza kuambiwa aulizie kituoni kabla ya mgonjwa kutumia nauli. Ikiwa dirisha halina dawa, mgonjwa aombe karatasi ya daktari yenye jina la dawa yenyewe, si jina la biashara peke yake, pamoja na kipimo, ili aipate kwenye kituo jirani au duka la dawa lililosajiliwa. Muuzaji akisema ile haipo lakini ana nyingine ya kifafa inayofanana, jibu ni hapana mpaka daktari aulizwe. Na tembe zinazotolewa taratibu mwilini, zile ambazo pakiti huonya zisipondwe, zikibadilishwa na za kawaida za jina lile lile, saa za kunywa huenda zikabadilika pia. Hilo mfamasia analijua, akiulizwa.

Katika kadi ya kliniki kuna nafasi ya kuandika dawa zote anazotumia mtu. Iandikwe ya virusi, ya presha, ya kifua kikuu, kipandikizi na tarehe kilipowekwa, na dawa ya mitishamba kama anaitumia. Anayemsindikiza mgonjwa anaweza kuongeza mstari mmoja chini: saa alizolala kila usiku katika wiki iliyopita. Usingizi unaoshuka usiku baada ya usiku mara nyingi hutangulia mania kwa siku kadhaa, na katika siku hizo kipimo kinaweza kurekebishwa mgonjwa akiwa bado nyumbani kwake.